Kishindo cha Gogo Majini

Karibu na Silibwet, katika nchi ya Bomet, hupita mto Nyangores, ushukao kutoka msitu wa Mau kwenda kuungana na Amala na kuwa mto Mara. Mvua kubwa zinyeshapo, mto hung'oa miti ya kingoni na kuichukua. Asimamaye darajani huyaogopa maji. Lakini mara nyingi kivunjacho nguzo ni kile kilichobebwa na maji. Jambo hili hulifahamu kila mkazi wa kando ya mto, ila kulipima kumewachukua wahandisi miaka mingi, na walimu wao wakuu wamekuwa misiba.

Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra lilizusha mawimbi ya tsunami. Mawimbi hayo yalivuka Bahari ya Hindi, yakaharibu mji wa Hafun katika Somalia, yakaua watu hata Tanzania na Kenya. Kwa jumla walikufa zaidi ya watu 220,000. Huko Banda Aceh, maji yalikichukua chombo cha chuma chenye mitambo ya umeme, uzito wake tani 2,600, yakakitupa nchi kavu kilomita zaidi ya 2 kutoka pwani. Nyumba zilizokuwa njiani hazikupigwa na maji peke yake.

Je, kishindo cha namna hiyo hukisiwaje? Chukua uzito wa kitu, uzidishe kwa mwendo wake, kisha ugawanye kwa muda kinaotumia kusimama. Tuseme gogo la mkaratusi lina kilo 450, nalo laenda mita 4 kwa sekunde. Likisimamishwa polepole kwa sekunde 1 nzima, nguvu yake ni nyutoni 1,800, yaani kama uzito wa kilo 180. Lakini likigonga nguzo ngumu na kusimama kwa sehemu 3 tu katika 100 za sekunde, nguvu hufika nyutoni 60,000, yaani uzito wa tani 6. Gogo ni lile lile. Kilichobadilika ni muda.

Hapo ndipo wengi walipokosea. Kanuni za zamani za ujenzi mjini Honolulu zilikisia sekunde 1 kwa nyumba ya mbao. Baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Marekani, waligongesha nguzo nzima ya mbao na kontena la chuma, wakaona kuwa mgongano huisha upesi mno. Mwaka 2016, Chama cha Wahandisi wa Ujenzi cha Marekani kiliweka kanuni za tsunami zinazohesabu magogo, magari, mawe, makontena na meli.

Asidhani msomaji kwamba haya ni mambo ya pwani tu. Tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, njia ya maji ipitayo chini ya reli iliziba. Maji yakajaa nyuma ya tuta, kisha yakapasua. Yaliteremka usiku pamoja na miti, mawe na matope, yakaua zaidi ya watu 40 vitandani mwao na njiani.

Basi ajengaye daraja asiulize tu maji yatapanda kiasi gani. Aulize pia yatakuja na nini. Nasi tukaao milimani tusiache magogo mtoni wala takataka mitaroni, kwa maana yaliyolala leo wakati wa kiangazi ndiyo yatakayobisha mlango wa jirani wakati wa mvua.