Gari lililozaliwa karakana ya reli

Februari 1990, uwanjani Kasarani, Rais Daniel arap Moi alizindua gari ambalo halikuvuka bahari kuja Kenya: Nyayo Pioneer. Miaka zaidi ya 35 baadaye, likitajwa tu watu huangua kicheko. Kicheko hicho kinaniuma, maana kinafukia sehemu bora ya historia yenyewe.

Mambo yalianza 1986, Moi alipokitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata likiwa na sura mbaya na mwendo wa kobe. Wakati huo magari yaliunganishwa Thika, Mombasa na Nairobi, ila vipuri vingi vilikuja vimefungwa kutoka ng'ambo.

Chuo kilikuwa na wahandisi na michoro. Tanuri walikuwa nalo Shirika la Reli, katika karakana za Nairobi ambako mafundi walizoea kusubu na kukereza vyuma tangu enzi za garimoshi la mvuke. Basi wahadhiri wakawafuata mafundi. Kenya Polytechnic na jeshi nao wakatia mkono.

Anayedhani hilo ni jambo dogo afikirie bloku ya injini. Chuma kilichoyeyuka humiminwa katika kalibu ya mchanga. Mchanga ukizidi unyevu, mvuke huacha vishimo ndani ya chuma na kazi yote huharibika. Mhandisi anaweza kukueleza sababu kwa hesabu. Fundi wa tanuri huufinya mchanga kiganjani, akajua. Injini inawataka wote wawili, tena siku ileile.

Yakatoka magari matano ya majaribio, yakafikia kilomita 120 kwa saa. Huo si mwendo wa kobe.

Nyayo Motor Corporation ikaundwa ili yazalishwe kwa wingi, lakini fedha hazikupatikana na hakuna hata moja lililofika sokoni. Wahandisi walikuwa wamemaliza sehemu yao. Waliokwama ni wenye mifuko. Kampuni ikageuzwa kuwa Numerical Machining Complex, ya kuchonga vipuri vya viwanda, chuo na reli wakiwa wanahisa. Ni wangapi wanaolicheka gari lile wanajua kwamba liliacha karakana?

Wanafunzi wa uhandisi wangepelekwa huko tangu mwaka wa kwanza, wavae ovaroli, na fundi awaonyeshe namna ya kuufinya mchanga.