Ishirini na Moja: Safari ya karata hadi kwenye simu ya mvuvi

Mwezi unapojaa juu ya Ziwa Victoria, wavuvi wa omena hupumzika. Dagaa hao huvuliwa usiku wa giza, wakivutwa na mwanga wa taa, na mbalamwezi ikishatanda taa haina tena uwezo wa kuwadanganya. Boti hubaki mchangani, nyavu huanikwa, na katika fuo kama Dunga, kandokando ya jiji la Kisumu, mikono iliyozoea kuvuta kamba hutafuta shughuli nyingine. Kuna ajua, bao la Waluo. Kuna drafti inayochezwa kwa vifuniko vya soda. Kuna karata zilizochakaa pembe. Siku hizi kuna simu pia, na ndani yake meza ya kijani, karata mbili zilizofunuliwa, na vitufe viwili: ongeza au tosheka.

Wamarekani huuita mchezo huo blackjack. Jina lake la kale linajieleza: ishirini na moja. Karata za 2 hadi 10 zina thamani ya namba zake, zile zenye picha za watu huhesabiwa 10 kila moja, na ree, yaani karata ya A, ni 1 au 11, kwa hiari ya aliyeishika. Anayekaribia 21 kuliko mgawaji ameshinda. Anayeipita ameungua. Hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuujumlisha, na ndiyo maana watengenezaji wadogo wa michezo ya simu huupenda. Lakini mchezo huu mwepesi umeishi zaidi ya miaka 400 na swali moja zito mgongoni: je, ni mchezo, au ni kamari?

Mwaka 1613 mwandishi wa Uhispania, Miguel de Cervantes, alichapisha hadithi ya vijana wawili wajanja, Rinconete na Cortadillo. Mmoja wao anajipatia riziki kwa veintiuna, yaani ishirini na moja, akitumia karata alizozifanyia hila ili ree isimkose inapohitajika. Kwa hiyo mchezo ulipoingia katika maandishi, uliingia ukiwa tayari na tapeli pembeni. Ufaransa waliuita vingt-et-un, na ukapendwa huko katika karne ya 18. Kisha ukavuka bahari hadi Marekani, na jimbo la Nevada liliporuhusu kamari mwaka 1931, ukapata makao katika kasino.

Karata zenyewe zilitia nanga Afrika Mashariki kwa mkono wa Wareno. Ushahidi uko katika ulimi wetu. Shupaza, kopa, uru na pau ni maneno ya Kireno: espadas, copas, ouros, paus. Turufu nayo ni trunfo yao. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na Wareno wakang'olewa Fort Jesus mwaka 1698. Katika miaka hiyo 200 walituachia ngome, mizinga na majina ya karata. Neno kamari tulilipata kwa Waarabu. Mswahili basi alikuwa na maneno mawili kwa mambo mawili: kucheza karata, na kucheza kamari. Hakuyachanganya.

Kisumu ilifikiwa na pwani kwa njia ya chuma. Reli kutoka Mombasa ilifika ufuoni mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence, na nyuma ya injini zikafuata duka, rupia na desturi za watu waliotoka mbali. Leo ukimuuliza kijana wa mtaa wa Kondele au Nyalenda kuhusu shupaza na uru, huenda akakukodolea macho. Yeye husema maua, spedi, na zaidi ya yote husema kadi.

Kadi ndio mchezo wa karata wa Wakenya, kuanzia bweni la shule hadi steji ya bodaboda. Unatupa karata inayofanana na iliyo mezani kwa namba au kwa alama. Mbili humwokotesha anayefuata karata mbili, tatu humwokotesha tatu, joka humwokotesha tano. J humruka mtu, K huurudisha mchezo ulikotoka, Q na 8 ni maswali yanayodai jibu. Aliye tayari kumaliza lazima atangaze: "Niko kadi!" Akisahau, hata kama mkono wake ni mzuri namna gani, hamalizi. Hapo hakuna dau linalohitajika. Anayeshindwa hulipa kwa kutaniwa, na kutaniwa ufuoni si adhabu ndogo.

Ndugu wa kadi ni yule asiyetajwa mbele ya wageni: patapotea. Karata tatu zinazungushwa juu ya boksi, unaambiwa uonyeshe moja, na wale wanaoshinda mbele yako ni wenzake mwenye boksi. Mtego huu umewanyang'anya nauli abiria wengi katika miji ya Kenya, hata jina lake likawa msemo wa jambo lolote lisilo na hakika. Kati ya kadi na patapotea, karata ni zilezile. Kilichobadilika ni nani anaondoka na pesa.

Ishirini na moja imesimama katikati ya hao wawili, na hesabu ndiyo iliyoufichua ukweli wake. Mwaka 1956 wanajeshi wanne wa Marekani waliokuwa Aberdeen, Maryland, Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, walichapisha mwongozo wa wakati wa kuongeza karata na wakati wa kutosheka. Walikuwa wameukokotoa kwa mashine za mezani za kujumlishia. Edward Thorp akaendeleza kazi hiyo kwa kompyuta ya IBM 704, na mwaka 1962 akatoa kitabu kilichoonyesha kwamba anayekumbuka karata zilizokwisha kutoka anaweza kumzidi mwenye meza. Kasino zilishtuka, zikabadilisha taratibu zao.

Msomaji hahitaji IBM kuliona hilo. Una 16 mkononi, unaongeza? Kati ya aina 13 za karata, 8 zitakuunguza. Ree na karata ya kumi kwa pamoja, ule mkono wa dhahabu, hutokea takriban mara moja katika kila migao 21. Anayefuata mwongozo bila kukosea, kwenye meza yenye masharti ya kawaida, bado hupoteza kama senti 50 kwa kila shilingi 100 anazoweka. Zinaonekana chache. Lakini meza hailali, na wewe utalala.

Kompyuta ilipoanza kucheza karata, pesa ilitoka mchezoni kwa muda. Atari ilipoanza kuuza mashine yake ya michezo ya nyumbani mwaka 1977, kati ya kaseti 9 za kwanza mojawapo ilikuwa Blackjack, iliyoandikwa na Bob Whitehead kwa wachezaji hadi watatu. Mwaka 1990 Microsoft iliweka Solitaire ndani ya Windows 3.0, na watu wengi wakazoea kuburuta vitu kwa kipanya kupitia karata hizo. Yeyote aliyewahi kungoja zamu katika saiba ya mtaani anamkumbuka mtu aliyelipia dakika zake akazimaliza akipanga karata peke yake. Alipoteza muda, lakini nyumba haikukosa unga.

Pesa ilirudi kwa mlango wa simu. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na kuanzia hapo mkoba na mchezo vikakaa katika kifaa kimoja. Kampuni ya kamari ya SportPesa ilianza mwaka 2014, kampuni nyingine zikafuata, na kufikia Julai 2019 serikali ilikuwa imekataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa, SportPesa ikiwemo, kwa mzozo wa kodi. Sheria iliyokuwa ikisimamia yote hayo ilitungwa mwaka 1966, enzi ya kasino na bahati nasibu za karatasi. Mwaka 2025 ndipo Kenya ilipopata sheria mpya ya kudhibiti kamari, inayotambua kwamba kasino sasa inaingia mfukoni, na inayowafungia mlango walio chini ya miaka 18.

Swali la karata na kamari halijatusumbua sisi pekee. Mapema mwaka 2024 mtengenezaji mmoja wa Kanada, anayejificha nyuma ya jina LocalThunk, alitoa Balatro, mchezo wa karata uliouza nakala milioni moja ndani ya mwezi wake wa kwanza. Hauna dau la pesa halisi. Hata hivyo PEGI, chombo cha Ulaya kinachopanga umri wa wachezaji, kiliupa alama ya miaka 18 kwa sababu unafundisha mikono ya poka. Baada ya rufaa, Februari 2025 alama ilishushwa hadi miaka 12. Agosti 2024 ulitoka mwingine mdogo, Dungeons & Degenerate Gamblers, ambamo kila pambano ni mkono wa ishirini na moja. Wasimamizi wa PEGI waliziangalia karata. Wangeangalia kwanza kama kuna shilingi inayotoka mfukoni.

Kisumu haikosi mikono ya kuandika michezo kama hiyo. Mwaka 2017 wasichana watano wa shule ya upili ya Kisumu Girls, wakilelewa na kituo cha teknolojia cha LakeHub, walifika fainali za mashindano ya teknolojia ya Technovation huko California kwa programu yao ya i-Cut, ya kuwasaidia wasichana walio katika hatari ya ukeketaji. Anayeweza kuandika hiyo hashindwi na ishirini na moja, zoezi ambalo wanafunzi wengi wa programu hupewa mapema, kwa kuwa masharti yake yanaenea katika ukurasa mmoja.

Kwa hiyo, kijana wa Kisumu unayejifunza kazi hii, andika ishirini na moja yako. Zigawie karata majina ya Kiswahili: shupaza, kopa, uru, pau. Mpe mgawaji utani wa Dunga. Mchezaji akiungua, achekwe, apewe karata upya. Ila usiweke mahali pa kuingiza namba ya siri ya M-Pesa. Kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai kila mwaka uvuvi wa omena hufungwa, na mvuvi anayekaa ufuoni miezi minne bila mapato anahitaji cha kumpumbaza. Hahitaji patapotea nyingine.