Mjusi Mkia-Buluu na Meli za Kisiwa cha Krismasi

Kisiwa cha Krismasi, chenye eneo la kilomita za mraba 135, kimo katika Bahari ya Hindi kusini mwa Java, na jina hilo kilipewa na nahodha Mwingereza William Mynors alipokipita tarehe 25 Desemba 1643. Kwa zaidi ya karne mbili baada ya hapo hakikukaliwa na watu, kwa kuwa majabali yake yamesimama wima juu ya bahari na meli hukosa mahali pazuri pa kutia nanga. Miongoni mwa wanyama walioishi humo peke yao ni mjusi mkia-buluu, Cryptoblepharus egeriae, asiyezidi sana kidole cha mkono, mweusi mwenye michirizi ya manjano inayofifia kadiri inavyoukaribia mkia wa buluu iliyokoza. Kope zake zimeungana na kuwa utando mmoja unaopenyesha mwanga, kwa hiyo hapepesi macho, kama asivyopepesa nduguye, Cryptoblepharus africanus, wa miamba ya matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki.

Neno egeriae limetokana na Egeria, meli ya upimaji bahari ya Uingereza iliyofika mwaka 1887 na kuondoka na vielelezo, yaani wanyama na mimea iliyohifadhiwa kwa uchunguzi. Katika mawe ya kisiwa iligunduliwa fosfati, madini yanayotengenezewa mbolea. Uingereza ikakitwaa mwaka 1888, na kabla ya karne kwisha uchimbaji ulikwishaanza kwa mikono ya vibarua, wengi wao Wachina.

Inafaa kusisitiza kwamba machimbo hayakummaliza mjusi huyu, kwani hata mwishoni mwa miaka ya 1970, kisiwa kikiwa tayari mikononi mwa Australia tangu 1958, alikuwa bado tele, hata katika bustani za mjini. Maangamizi yalishuka pamoja na shehena. Lycodon capucinus, nyoka mdogo wa Asia aliyeonekana kisiwani kwa mara ya kwanza mwaka 1987, na anayedhaniwa kuwa aliingia amejificha ndani ya mizigo, huwinda usiku, saa ambazo mjusi huyu wa mchana amelala, naye hakuwa na kinga yoyote dhidi ya adui ambaye wazazi wake hawakupata kumjua. Kutoweka kwake kulianzia karibu na mji kukaenea kuelekea msituni, na mwelekeo huo ndio unaoipa hoja ya nyoka nguvu kuliko ile ya paka au sisimizi wageni.

Mwaka 2009 na 2010 wahifadhi waliwakamata mijusi 66, na baada ya hapo hakuonekana tena porini. Uzao wao ulitunzwa kisiwani na katika bustani ya wanyama ya Taronga, Sydney. Jamaa yake wa msituni, Emoia nativitatis, hakubahatika, na wa mwisho alikufa kizuizini mwaka 2014. Mwaka 2019 mijusi mkia-buluu 300 waliachiwa Pulu Blan, kijisiwa kisicho na nyoka huyo katika visiwa vya Cocos, karibu kilomita 1,000 kutoka kwao, ambako wamezaana. Katika kisiwa chao cha asili nyoka bado yupo.