Mama Mwanafunzi: Historia ya Mlango wa Shule na Wajibu Wetu



 Leo tunaitazama historia ya jambo ambalo familia nyingi hulizungumza kwa kunong’ona, nalo ni binti kupata mimba akiwa bado shuleni. Kwanza tubainishe kwamba zinaa ni haramu, na hakuna neno katika makala hii linaloihalalisha. Lakini tukumbuke pia kwamba wapo mabinti waliobakwa, na wapo waliolaghaiwa na watu wazima. Ama mtoto anayezaliwa, yeye hana dhambi yoyote, kwani dini yetu inafundisha kwamba kila nafsi itaulizwa iliyoyatenda yenyewe.

Swali letu ni hili: binti huyu akishajifungua, je, elimu yake ndiyo imekwisha?

NCHI ZETU ZILIVYOJIBU

Kwa miaka mingi jibu la shule nyingi za Afrika Mashariki lilikuwa moja tu, afukuzwe. Mvulana aliyehusika mara nyingi alibaki darasani akafanya mtihani wake.

Kenya ilibadili mwelekeo mwaka 1994 kwa sera ya kuwarudisha shuleni mabinti waliojifungua. Sera hiyo ilitaka binti na wazazi wake wapewe nasaha, na ikiwa kurudi shule ileile kutamletea kuchekwa, asaidiwe kuhamia nyingine. Sera ilikuwa nzuri, lakini wazazi wengi hawakuijua, na wapo walimu walioijua wakaipuuza. Mwaka 2020 ukatolewa mwongozo mpya wa kitaifa wa kuwarudisha wanafunzi shuleni.

Tanzania Bara njia ilikuwa ndefu zaidi. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa kosa la kimaadili au kwa kuingia katika ndoa, na mimba ikahesabiwa humo. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayempa mimba mwanafunzi akawekewa kifungo cha miaka 30. Hata hivyo binti mwenyewe aliendelea kubaki nje. Tarehe 22 Juni 2017, Rais John Magufuli alitangaza akiwa Chalinze, mkoani Pwani, kwamba katika utawala wake mwanafunzi aliyezaa hatarudi shule ya serikali. Tarehe 24 Novemba 2021, katika utawala wa Rais Samia Suluhu Hassan, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako akatangaza kwamba wataruhusiwa kurudi. Waraka uliotolewa ukaweka muda wa miaka miwili tangu binti aache masomo. Ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa wameshatangulia katika jambo hili.

Uganda nayo ilifunga shule Machi 2020 kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Wanafunzi wengi walipata mimba wakiwa majumbani, na serikali ikazitaka shule ziwapokee.

NANI ATAMSHIKA MTOTO?

Hapa ndipo tunapotaka wazazi watusikilize. Sheria ikifunguliwa, kazi inahamia nyumbani kwetu. Binti anaamka usiku mara tatu kunyonyesha, alfajiri anafua nepi, asubuhi anatembea hadi shuleni, na mchana maziwa yanamjaa kifuani akiwa katikati ya somo la hisabati. Akirudi jioni anakuta mtoto analia, vyombo havijaoshwa, na kazi ya mwalimu inamsubiri. Akikosa wa kumsaidia ataacha shule, hata kama waraka wa wizara unamruhusu kusoma.

Na tujiulize, zile siku mbili tatu za kwanza huwa tunafanya nini? Wengine humfukuza binti, wengine humpeleka kijijini kwa shangazi asionekane, na wengine humwozesha haraka ili kufunika aibu. Hapo tunakuwa tumeilinda sura yetu mbele ya majirani, na mtoto wetu tumemwacha njiani.

Tuutazame Msikiti wa Madinah, ambao ulikuwa pia mahali pa kusomea. Akina mama walikuja na watoto wao wachanga. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alikuwa akianza swala akinuia kuirefusha, kisha akisikia mtoto analia huifupisha kwa kumhurumia mama yake. Hakumwamuru yule mama abaki nyumbani. Na katika Hijja ya Kuaga, mwaka wa 10 Hijriyyah, Asmaa bint ‘Umays (Radhiya Allaahu ‘anhaa), mke wa Abu Bakr, alijifungua Dhul-Hulayfah, safari ikiwa ndiyo inaanza. Mtume alimwelekeza aoge, ajifunge kitambaa, kisha ahirimie. Akaendelea na safari ya Hijja pamoja na Waislamu wenzake. Asmaa alikuwa mke wa mtu na mtu mzima, hali yake si ya binti yetu, lakini funzo tunalichukua: uzazi ulitafutiwa utaratibu.

Basi nasi tutafute utaratibu. Bibi na shangazi wagawane zamu za kumshika mtoto. Baba mzazi aende mwenyewe kwa mwalimu mkuu kuulizia nafasi, wala asimtume binti peke yake. Ikiwezekana itafutwe shule ya kutwa iliyo karibu, ili aweze kunyonyesha asubuhi na jioni. Kijana aliyehusika na wazee wake wasikwepe kugharimia maziwa na matibabu. Na sisi walimu wa madrasa tumpokee darasani kwa heshima, tukimkanya yeyote atakayemcheka yeye au mwanawe. Toba ni baina yake na Mola wake, na mlango wake uko wazi.

Wanafunzi wetu, jihifadhini. Na aliyeteleza, asikate tamaa na rehema ya Allaah.

Tunamuomba Allaah Awahifadhi watoto wetu, Awasitiri waliofikwa na mtihani, na Atujaalie sisi wazazi huruma na hekima. Aamiyn.

Wabillaahi tawfiyq.