Wingi wa Kigiriki katika istilahi za anatomia

Wingi wa Kigiriki katika istilahi za anatomia ni maumbo ya wingi ya majina ya sehemu za mwili yaliyoingia katika Kiingereza cha tiba kutoka Kigiriki, mara nyingi kupitia Kilatini. Kiswahili hubadili mwanzo wa neno, kama kidole na vidole. Maumbo haya hubadili mwisho.

Maneno yanayoishia na *-nx* huchukua *-nges*: *larynx*, yaani zoloto, huwa *larynges*. Mfano bora ni *phalanx*, jina la safu ya askari wa Kigiriki waliosimama bega kwa bega, lililopewa mifupa ya vidole. Wingi wake ni *phalanges*, na kwa kawaida mtu anayo 56: 14 katika kila mkono na kila mguu, kwa kuwa kidole gumba kina miwili na vingine mitatu mitatu. *Ganglion*, yaani fundo la neva, huwa *ganglia*. *Iris* ya jicho huwa *irides*.

Majina kama haya huwekwa katika orodha rasmi: orodha ya kimataifa ya majina ya anatomia ilipitishwa Basel mwaka 1895. Orodha ya baadaye, *Terminologia Anatomica*, ilitolewa 1998.

Nchini Tanzania udaktari hufundishwa kwa Kiingereza, Chuo Kikuu cha Muhimbili kikiwemo. Hivyo katika hospitali za rufaa za mkoa za Mwananyamala, wilayani Kinondoni, na Temeke, *phalanges* huandikwa kwenye faili, na mgonjwa huelezwa kwa Kiswahili kuwa amevunjika mifupa ya vidole.