Kutoka Mtu Mmoja: Ubaguzi, Nafasi Maalumu na Ubinadamu Wetu



Hapa Mboko, tangazo la kazi likibandikwa tu ukutani, mabishano huanza. Tangu kambi ya Lusenda ilipofunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, mashirika ya misaada yamekuwa yakitafuta walinzi, madereva, wauguzi na makarani. Vijana wetu husema: kazi ni za wenyeji kwanza. Ombi hilo lina haki ndani yake. Wenyeji ndio waliogawana na wageni mashamba, kuni na maji, na inauma kuona kazi nzuri zikichukuliwa na watu waliotoka mbali.

Lakini ukiuliza mwenyeji ni nani, sauti hubadilika. Huyu hamhesabu Mfuliru, hata kama alizaliwa hapa. Yule hamhesabu Mnyamulenge, hata kama babu yake amezikwa milimani. Na Mtwa, aliyekaa msituni kabla yetu sote, hakuna anayemtaja. Neno lilelile "kwanza" linaweza kufunga kidonda au kukifungua. Makala hii ni kwa wachungaji, wazee wa kanisa, na viongozi wa mama na vijana, ili tujue kutofautisha.

Maana ya maneno

Ubaguzi ni kumpima mtu kwa ngozi, kabila, ukoo au lugha yake, kisha kumnyima haki au heshima kwa kipimo hicho. Wazungu walipotufanyia, tuliuita ubaguzi wa rangi. Tunapofanyiana sisi kwa sisi tunauita ukabila, kana kwamba ni dhambi ndogo zaidi. Mzizi ni mmoja.

Nafasi maalumu ni hatua ya kumfungulia mlango mtu ambaye kundi lake lilifungiwa nje: kiti katika baraza, msaada wa masomo, au kazi. Wengine huziita upendeleo wa haki.

Ubinadamu mmoja ni imani kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu (Mwanzo 1:27). Paulo aliwaambia watu wa Athene kwamba mataifa yote yametoka kwa mtu mmoja (Matendo 17:26). Hakuwa akizungumza na Wayahudi wenzake tu. Alisema hayo mbele ya watu waliojiona wenye hekima kuliko wote.

Tulibaguliwa, nasi tukabagua

Chini ya Wabelgiji, Mkongomani alihitaji karatasi ili ahesabiwe kuwa mtu mstaarabu: kadi ya sifa za kiraia kuanzia mwaka 1948, kisha uandikishaji maalumu wa mwaka 1952. Aliyeomba aliweza kutembelewa nyumbani na wachunguzi, wakatazama anavyoishi na familia yake. Wachache sana walipewa.

Kabla ya hapo kulikuwa na jambo baya zaidi. Mwaka 1906, kijana wa Kongo aitwaye Ota Benga, mmoja wa watu wafupi wa msituni, aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu waje kumtazama. Waliosimama kumtetea walikuwa wachungaji Wabaptisti weusi wa mji huo. Walipinga mpaka akatolewa. Lakini jeraha halikupona. Mwaka 1916 alijiua akiwa bado ugenini.

Tunapoisikia habari hiyo tunakasirika, na ni haki. Basi tujiulize: Mtwa akija kijijini kwetu, nani anakaa naye kwenye benchi moja? Nani anakula naye sahani moja? Tukicheka lugha yake, au tukimpa chakula badala ya mshahara wa kazi aliyoifanya, tumesimama upande gani wa ile bustani?

Ubaguzi haukai katika mzaha tu. Kati ya mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, raia wengi waliuawa Makobola, kwenye barabara yetu ya Uvira. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa Gatumba, ng'ambo ya mpaka. Kila upande una makaburi yake, na kila upande huyataja ya kwake tu. Mahali pote pawili watu walihukumiwa kwa kundi walilohesabiwa kuwa wa kwake, si kwa jambo walilotenda. Kanisa linaloomboleza Makobola peke yake, au Gatumba peke yake, bado halijaomboleza.

Sheria ya nchi inasemaje

Washirika wengi hawajui kwamba sheria ya kuadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila ipo Kongo tangu tarehe 7 Juni 1966 (amri-sheria namba 66-342). Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 13, inakataza kumbagua Mkongomani katika elimu, kazi za Leta au jambo lolote kwa sababu ya dini, asili ya familia, rangi, kabila au lugha.

Lakini Katiba hiyohiyo haikuishia kukataza. Kifungu cha 14 kinadai wanawake wawe na uwakilishi wa haki katika vyombo vya taifa, vya jimbo na vya mitaa. Kifungu cha 51 kinaipa Leta wajibu wa kulinda makundi dhaifu na walio wachache. Ndiyo maana ikaja sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 juu ya haki za wenyeji wa asili Wapigme, yaani Batwa na ndugu zao. Inataka wasaidiwe kufikia shule, matibabu na mahakama, na wasihamishwe katika ardhi yao pasipo ridhaa yao. Batwa wa Kalehe na Kabare, waliofukuzwa katika msitu wa Kahuzi-Biega baada ya hifadhi kuundwa mwaka 1970, wanajua kwa nini sentensi hiyo ya mwisho ilihitajika.

Majirani walifanya nini

Burundi, tunayoitazama ng'ambo ya ziwa, ilichagua kuyataja makabila wazi. Baada ya mapatano ya Arusha ya mwaka 2000, Katiba ya mwaka 2005 iligawa viti vya Bunge la Taifa: asilimia 60 Wahutu, 40 Watutsi, na Batwa 3 juu yao. Hesabu hiyo ilisaidia watu waliouana kukaa katika chumba kimoja. Katiba ya mwaka 2018 iliidumisha hesabu hiyo, lakini ikaipa Seneti kazi ya kuchunguza kama iendelee.

Rwanda ilichagua njia nyingine: kuondoa majina ya makabila katika vitambulisho na siasa. Hata hivyo, Rais anapowateua maseneta 8, Katiba humtaka awakumbuke walioachwa nyuma na historia. Nchi iliyofuta majina bado ililazimika kutafuta njia ya kuwaona waliosahauliwa.

Mbali zaidi, mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza vyuo vikuu kuchagua wanafunzi kwa kutazama rangi. Ndugu zetu wengi wa Fizi waliopitia kambi ya Nyarugusu, Tanzania, leo wanaishi huko. Huku waliitana Mbembe na Mnyamulenge. Barabarani kule kila mmoja ni mtu mweusi tu.

Neno la Mungu

Wanaopinga nafasi maalumu hutukumbusha Yakobo 2: Mungu hapendi upendeleo. Ni kweli. Lakini tusome vizuri ni upendeleo gani. Yakobo anakemea kanisa linalompa kiti kizuri mtu mwenye pete ya dhahabu na kumwambia maskini akae sakafuni. Huo ni upendeleo wa kumwongezea aliye nacho.

Matendo 6 inaonyesha jambo tofauti. Wajane wa Wayahudi wenye lugha ya Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaambia, "Sisi sote ni kitu kimoja katika Kristo, nyamazeni." Waliagiza wachaguliwe watu saba. Tazama majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Kanisa lilitoa ufunguo wa ghala kwa upande uliolalamika. Lakini liliweka pia masharti: wawe wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Kidonda kilitazamwa, na uwezo pia ukatazamwa.

Pingamizi zinazostahili kusikilizwa

Hatusemi wanaopinga ni wabaguzi. Wana sababu. Enzi za Zaïre, nafasi za chuo kikuu ziligawanywa kwa mikoa, na kijana mwenye alama nzuri aliweza kukosa nafasi kwa sababu ya alikotoka. Machungu hayo yapo mpaka leo. Tena nafasi za kundi dogo mara nyingi huliwa na wakubwa wa kundi hilo, na maskini wake hubaki palepale. Na hatua isiyo na mwisho hugeuka kuwa mali ya urithi.

Kwa hiyo tunasema: kipimo kisiwe damu, kiwe kidonda. Swali si "wewe ni kabila gani?" Swali ni "mlango upi ulifungwa mbele yako, na bado umefungwa?" Kijana wa Mboko asiyepata kazi ana jibu la swali hilo. Mtoto wa mkimbizi na Mtwa wana jibu pia. Tukilitumia swali hilo kwa ajili yetu tu na kulikataa kwa wengine, tumerudi kwenye ukabila.

Tulivyojifunza wenyewe

Mwaka mmoja komite ya kanisa letu ilikuwa na fedha kidogo za kulipia watoto shule ya sekondari. Tuliamua kufuata alama za mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, bila kutazama uso wa mtu. Tukafurahi kwa haki yetu. Kisha mama mmoja akauliza kwa nini hakuna hata mtoto mmoja wa zile familia za Batwa zilizoshuka kutoka Itombwe. Jibu lilikuwa rahisi na la aibu: hakuna aliyefika kwenye mtihani. Tulikuwa tumewatendea haki waliokwisha kufika mlangoni.

Tukaanza kununua daftari na sare za watoto wadogo. Hata hivyo binti mmoja aliacha shule. Daftari alikuwa nazo. Aliyekubali kukaa naye ndiye hakumpata. Hapo tukaelewa kwamba nafasi pasipo upendo ni kiti kitupu, na upendo pasipo nafasi ni maneno ya mimbarani.

Kwa hiyo tunayashauri makanisa yetu:

1. Hesabuni. Nani yuko katika baraza la wazee, kwaya na komite? Nani hayupo kabisa?
2. Andikeni masharti kabla ya kuona majina, na myasome mbele ya washirika wote.
3. Anayepewa nafasi asindikizwe: apate mtu wa kukaa naye, kumfundisha na kumtembelea.
4. Wekeni muda wa kuchunguza kama mlango umefunguka. Hata Yubile (Walawi 25) ilikuwa na mwaka wake.
5. Majina ya dharau yakomeshwe kanisani, tukianza na sisi wachungaji.

Maswali ya kujadili

Ni nani kijijini kwenu hajawahi kualikwa kula nyumbani mwa mshirika? Tukisema "wenyeji kwanza," tunamtoa nani nje? Ni kaburi la nani ambalo hatujaliombea machozi?

Katika lugha yetu, mwenyeji ni mwenye mahali, na pia ni yule anayempokea mgeni. Bwana atusaidie kuwa wenyeji kwa maana zote mbili. Amina.