Chelezo Katika Bahari ya Intaneti

Mwaka 1982 kampuni ya Commodore ya Marekani iliingiza sokoni kompyuta ya nyumbani iitwayo Commodore 64. Bei yake ya mwanzo ilikuwa dola 595, na kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 64 tu. Ndiko lilikotoka jina lake. Ilichomekwa kwenye televisheni ya sebuleni, na mamilioni ya watu, hasa wa Ulaya na Marekani, waliijua kwa michezo na muziki wake. Itifaki zinazoibeba intaneti zilianza kutumika rasmi katika mtandao wa ARPANET tarehe 1 Januari 1983. Mashine hii na intaneti, basi, ni marika wawili waliolelewa nyumba mbalimbali.

Hata hivyo, haikuwa bubu. Mwaka 1985 wenye Commodore walianzishiwa huduma ya Quantum Link, na kampuni iliyoiendesha ndiyo iliyokuja kuitwa America Online. Modemu nyingi za siku hizo zilipitisha kwenye waya wa simu biti 300 kwa sekunde, yaani herufi 30 hivi. Kioo chenye mistari 25 ya herufi 40 kilichukua zaidi ya nusu dakika kujaa. Msomaji alisoma kwa subira, kama angojaye maji kujaa apate kung'oa nanga. Mwaka 1994 Commodore ilifilisika.

Mwanzoni mwa karne hii, Adam Dunkels wa Sweden aliandika programu ndogo mno za mtandao, mojawapo ikiwa Contiki. Jina hilo linatokana na Kon-Tiki, chelezo cha magogo yaliyofungwa kwa kamba, ambacho Thor Heyerdahl wa Norway na wenzake watano walikipanda kutoka Peru hadi visiwa vya Polynesia mwaka 1947. Jina lilisadifu. Ikiongezewa kadi ya mtandao, Commodore 64 ilivuka yenyewe na kufungua kurasa za wavuti.

Mwaka 2014 ikaenea njia nyingine: chipu ya ESP8266 kutoka Shanghai, ndogo kuliko sarafu na rahisi kwa bei. Huunganishwa nyuma ya mashine, ikashika mtandao usio na waya, kisha ikajifanya modemu ya kale. Mzee hutoa amri ileile ya kupiga simu. Chipu huipokea, ikafungua njia ya intaneti, ikamrejeshea maneno kana kwamba yametoka kwenye waya wa simu. Bongo la mzee hufanya mizunguko takriban milioni 1 kwa sekunde. La mtumishi wake, milioni 80.

Hapo ndipo penye swali. Tovuti nyingi leo hufunga mazungumzo yake kwa fumbo la kihesabu, na kulifumbua ni mzigo unaomwelemea mzee. Hana budi kubebewa. Je, aliyefika ni yeye, au ni mtumishi? Nahodha aongozwaye na rubani kuingia bandari ngeni haambiwi kuwa hakusafiri. Lakini funzo limebaki: mashine hii haikushindwa kusoma maandishi, kwani herufi bado inazijua. Kilichobadilika ni kufuli za milango. Ya kale ni dhahabu, na dhahabu isiyo na wa kuitunza hufukiwa na mchanga.